Mbanaki wa Jette

Mara ya kwanza kulisikia jina Wabanaki, nilidhani ni jirani zetu wa kule nyumbani. Nilikuwa nimepiga magoti bafuni kwa mama mmoja mzee wa Jette, mtaa wa Bruxelles, namvisha zile soksi ngumu za kubana miguu, nikamwuliza alizaliwa wapi. Kifaransa chake hakikuwa cha Bruxelles wala cha Paris. Alikuwa anayavuta maneno kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Akasema alizaliwa Kanada, kisha akajisahihisha.

"Yaani, nchi inaitwa Kanada. Sisi wenyewe ni Wabanaki."

Soksi ikabaki katikati ya mguu. Sikio la mtu wa Kivu likisikia hivyo halina haja ya kuuliza zaidi. Kuna Wabembe, kuna Wahavu, kuna Wafuliiru. Kumbe na Wabanaki wapo. Nikainua macho, nikamtazama upya: uso mpana, ngozi rangi ya chai ya maziwa, nywele nyeupe zilizonyooka hadi mabegani. Nilimtafuta Mwafrika ndani yake, sikumpata.

"Wabanaki wa upande gani, maman?"

"Upande ambako jua linatokea," akasema.

Kwangu mimi hiyo ni mashariki ya Kongo. Ilibidi anikalishe kitini na kunieleza polepole. Katika lugha ya bibi yake, *wôban* ni mapambazuko na *aki* ni nchi. Watu wa nchi ya mapambazuko, kwa sababu wanakaa pale ambapo jua linaifikia Amerika ya kaskazini kwanza, upande wa bahari. Nami nikamweleza kwamba kwetu "wa" ni watu, na kwamba yeye peke yake, akiwa amekaa hapo na soksi moja, angeitwa Mbanaki.

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nikifungua mlango na kuuliza "Nani yuko?", sauti inajibu kutoka chumbani: "Mbanaki."

Kazi yangu ni kusaidia wazee majumbani. Wengi hunipenda kwa sababu napiga kazi haraka, na wengine hunilalamikia kwa sababu hiyo hiyo. Miguu yangu haikai. Nimehama nyumba mara nyingi hapa Bruxelles, hadi wenzangu wa kanisani kule Matonge, mtaa wa Wakongo wa hapa, wanasema anwani yangu inaandikwa kwa penseli. Nilianza masomo ya uuguzi nikayaacha, nikaanza ya ushonaji nikayaacha pia. Nikiwa kwa mgonjwa nawaza metro, nikiwa kwenye metro nawaza kitanda, na kitandani nahesabu nani atahitaji kuogeshwa kesho. Yule mama aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Unafanya kazi kama mtu anayengoja kuambiwa akimbie," aliniambia siku moja, wakati nafuta meza ambayo nilikuwa nimekwisha kuifuta.

Niliifuta tena.

Alikuja Ubelgiji akiwa msichana, ameolewa na fundi mitambo Mbelgiji aliyekuwa amekwenda kufanya kazi Montréal. Mume alikufa zamani. Mtoto wao wa kiume anakaa Antwerpen na huja Jumapili akiwa na keki. Ukutani palikuwa na picha ya mto mpana na nyumba chache kando yake. Huo ndio mto Saint-François, na hicho ndicho kijiji chake. Watu wake hasa ni Waabenaki, akaniambia, na Wabanaki ni jina kubwa zaidi, ukoo wa mataifa kadhaa yaliyokuwa na agano la pamoja: Wapenobscot, Wapassamaquoddy, Wamaliseet, Wami'kmaq. Wazungu walipochora mpaka kati ya Kanada na Amerika, mstari ukapita katikati yao, ndugu wakajikuta kila mmoja ana bendera yake.

Hilo halikuhitaji maelezo. Nina binamu Cyangugu, upande wa Rwanda, na binamu Bukavu, upande wa Kongo, na kati yao kuna daraja ambalo mtu mwenye miguu mizima analivuka kabla jasho halijamtoka.

Nilichelewa kuelewa kitu kingine: kwa nini hakurudi. Nilimwuliza wakati tunakunja mashuka. Akasema siku alipofunga ndoa na Mbelgiji, sheria ya Kanada ilimfuta. Mwanamke wa kabila akiolewa na mtu wa nje, serikali ilimhesabu kuwa si wa kabila tena. Hana haki ya kujenga kijijini, hana haki hata ya kuzikwa pale kando ya mama yake.

"Na mwanamume je?"

"Kaka yangu alioa Mzungu wa Trois-Rivières. Siku hiyo hiyo yule Mzungu akawa wa kabila, kwa sheria. Wifi yangu alipata kijiji kanisani, mimi nikakipotezea kanisani."

Alivuta shuka kwa nguvu hadi likanitoka mikononi. Sheria ilikuja kubadilishwa, wanawake walipigania hilo kwa miaka mingi, naye akarudishiwa jina lake. Lakini wakati huo mume alikuwa mgonjwa, mtoto alikuwa shuleni, maisha yalikuwa yameota mizizi Jette.

Jumapili nikawasimulia wenzangu, tukiwa tunakula baada ya ibada, kwenye mgahawa mmoja wa samaki karibu na kituo cha Porte de Namur, hapo hapo Matonge.

"Babanaki?" akauliza mmoja, maana kwetu ba ndiyo wa. "Njo bantu gani abo?"

"Ni Bahindi ba Amerika, kama munavyobaita."

"Mais abo si balikwishaka bote?"

Nikasema sivyo, hawajaisha, mmoja wao ananingoja kesho asubuhi nimchanie nywele. Wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya tikiti za ndege. Mimi nikaondoka kabla ya chai. Sikuwa na haraka ya kwenda popote; nilitembea tu hadi uwanja wa Flagey, nikarudi, nikapanda metro.

Majira ya kuchipua wafanyakazi wa komuni, yaani manispaa, walikuja kukata mti mgonjwa nyuma ya nyumba yake. Ulikuwa mti ambao Kifaransa kinauita frêne, mti wa nchi za baridi, wenye ndugu zake huko Amerika. Yule mama alisikia msumeno, akatoka na gauni la kulalia, akiwa ameshika fimbo yake, akawaomba wamwachie gogo moja refu lisilo na vifundo. Waliniangalia mimi, kana kwamba nitawaambia kichwa chake hakiko sawa. Nikawaambia walibebe mpaka bustanini.

Wabanaki wanasema watu walitoka ndani ya mti huo. Shujaa wao wa zamani aliupiga mshale, gome likapasuka, watu wakatoka wakicheza. Na wamekuwa wakisuka vikapu kutokana nao tangu zamani. Hawaukati vipande vyembamba kwa kisu, wanaupigapiga kwa nyundo ya mti, gogo zima, mpaka mbao yenyewe inaachia ukanda kwa ukanda, mwaka kwa mwaka, jinsi mti ulivyokua. Akiwa mtoto, kila kiangazi familia yake ilipakia vikapu na kuvuka mpaka kwenda kuviuza kwenye fukwe za matajiri wa Amerika. Mama yake alisuka na majani fulani yenye harufu nzuri, na yeye hadi leo akinusa majani makavu hunyamaza.

Sasa kuna mdudu, akasema, mdudu mdogo wa kijani anayeng'aa, amefika kwao na anaua miti yote ya aina hiyo. Wasukaji wanahifadhi mbegu. Wanahifadhi hata magogo majini.

Hivyo tukapiga gogo la Jette. Nasema tukapiga, lakini yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki akitoa amri, nami nikapiga. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilipewa jambo la kufanya lililotosha mikono yangu. Nilipiga mpaka mabega yakawaka. Jirani, mzee Mflemi mstaafu, alitokeza kichwa juu ya ua akauliza tunajenga nini.

"Kikapu," akasema yule mama.

Jirani alitazama gogo, akanitazama mimi, akaenda zake. Baada ya kitambo akarudi kupitia mlango wa pembeni na nyundo yake mwenyewe, nzuri kuliko yetu. Tukapokezana.

Ule mti haukutii. Kanda zilitoka fupi, zikavunjika mikononi. Zilizobaki zilitosha kikapu cha ukubwa wa kikombe, kimepinda upande mmoja. Yule mama alikigeuzageuza, akasema, "Huu ni mti wa Ulaya. Si kosa lake," akampa jirani, na jirani akakipokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa baada ya siku hizo za gogo, mvua ikinyesha, mimi namenya viazi na yeye yupo dirishani, ndipo aliponisimulia habari ya kuchomwa kwa kijiji chao.

Zamani, wakati Waingereza na Wafaransa wakipigania ile nchi, askari wa Kiingereza walitembea kwa siku nyingi porini ili waje wakimalize kijiji kile. Jioni ya mwisho watu walikuwa kwenye ngoma. Msichana mmoja akatoka nje kupata hewa. Gizani akasikia sauti ya mwanamume, inazungumza lugha inayofanana na yao lakini siyo yenyewe. Sauti ikamwambia asiogope. Ikamwambia askari wako msituni karibu, watashambulia kabla ya jua, waambie watu wako. Msichana akaingia ndani akasema. Wengine walimwamini, wakachukua watoto na wazee wakajificha kwenye bonde lenye misonobari. Wengine walisema msichana anatafuta kutazamwa, wakaendelea kucheza.

"Mkuu wa wale askari aliandika kwamba alituua karibu sote," yule mama akasema. "Vitabu vikamfuata yeye. Bibi zetu wakasema hapana, wengi walikuwa wamejificha, tulionywa. Kwa muda mrefu hakuna msomi aliyewasikiliza. Lakini kama alitumaliza, mimi nimetoka wapi?"

"Na yule mwanamume?"

"Alikuwa amekuja na askari wenyewe. Alikuwa mmoja wa waongozaji wao."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu na kiazi kilikuwa mkononi mwangu, na sikuweza tena kukumbuka nilikuwa nafanya nini navyo. Nilisema nimechelewa kwa mgonjwa mwingine. Haikuwa kweli. Nilivaa koti nikatoka, nikapita tramu yangu bila kuipanda, nikatembea chini ya mvua hadi kituo cha metro cha Simonis.

Nilikuwa msichana mdogo siku tulipokimbia kijiji chetu kilicho mlimani juu ya ziwa. Nakumbuka kishindo kwenye mlango wa jiko, wa nyuma, ambao hakuna mgeni aliyeutumia. Nakumbuka sauti ya mwanamume, ya chini, ya haraka. Nakumbuka baba akisema "Aksanti," neno hilo moja, kisha mikono inaninyanyua, kisha migomba. Asubuhi yake watu wenye bunduki walikichoma kijiji. Waliobaki hatukuwaona tena. Sisi tulifika Bujumbura, tukarudi kulipotulia, na miaka ikapita, na mimi nikafika hapa. Sijawahi kuuliza ni nani aliyegonga. Nyumbani kwetu lilikuwa swali ambalo halikuwa na mahali pa kukaa, na wazazi wangu walikufa nalo.

Aliyebaki ni shangazi yangu, yuko Bukavu. Nikampigia kutoka jukwaani Simonis, treni zikija na kuondoka.

"Tantine, ile siku ya kukimbia, ni nani alikuya kutuambia?"

"Uko unakula muzuri huko? Baridi iko?"

"Iko. Tantine, nimeuliza."

"Maneno ya zamani, mutoto wangu. Batu balishasahau." Na mtandao ukakatika, au aliukata.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu mbaya kuishi naye, na bahati naishi peke yangu. Nilianza kupaka rangi chumba, nikaacha ukuta mmoja. Nilimwita mgonjwa mmoja kwa jina la mwingine. Nilishuka Porte de Namur wakati nyumba yangu ilikuwa upande wa pili wa mji, kisha nikasimama pale juu ya ngazi, watu wananipita na mifuko yao ya pondu, yaani kisamvu, na mihogo, nikishindwa kukumbuka nimekuja kununua nini.

Kule Jette nako mambo yalikuwa yanakwenda. Yule mama alianguka jikoni. Hakuvunjika, lakini mtoto wake alikuja siku isiyokuwa Jumapili na akazungumzia nyumba ya wazee. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akasema ataingia nyumba ya wazee, ila ni ile iliyoko karibu na mto Saint-François, ambako mpwa wake anafanya kazi. Kijana, nasema kijana lakini ana mvi, alinifuata koridoni.

"Umemwambia wewe?"

"Sikumwambia kitu, bwana."

"Hana mtu kule."

"Ana watu wengi kule," nikasema. "Ni sisi hapa tulio wawili."

Hakupenda jibu hilo, lakini baada ya siku chache alinunua tikiti mbili, yake na ya mama yake.

Siku ya mwisho nilimchana nywele nikamsuka nyuma, mkia mmoja. Alinifundisha tena maneno niliyokuwa nayasahau kila mara: *kwai* ya salamu, *wliwni* ya asante. Akaniuliza kama nimempata mtu wangu, yule aliyegonga. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kumsimulia kuhusu mlango wa jiko. Nikasema shangazi hataki.

"Uliuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi bibi yangu nilimuuliza mpaka akanipa ili nimwache alale," akasema. "Wazee hawakatai. Wanapima kama unataka kweli. Na yule akifa, utamuuliza nani? Kitabu?"

Gari likaja. Alinishika mkono mpaka mlangoni, akaingia garini, na mtoto wake akafunga mkanda wake kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwake. Nyumba iliuzwa. Nasikia yupo vizuri, mpwa wake hunitumia picha. Kwenye moja amevaa shali, nyuma yake watu wanacheza ngoma kwenye kiwanja cha kijiji, na watoto wamejaa mbele.

Jioni hiyo hiyo nilimpigia shangazi. Hakujibu. Nikampigia asubuhi, na kesho yake, na kesho yake tena. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Bon. Ikaa kwanza."

"Niko nimesimama, tantine."

"Ikaa."

Nikakaa kwenye sakafu, mgongo kwenye ule ukuta usiopakwa rangi.

"Ni ule papa wa mafuta," akasema. "Ule alikuwa anauzisha mafuta ya mawese ku soko."

Nilimkumbuka. Mtu mfupi, vidole vyekundu, aliyekuwa anatuongezea tone la bure kwenye chupa. "Ule balimufukuzaka?"

"Ni ule. Bale batu ba bunduki balimukamata ku njia, bakamubebesha mizigo, bakasema abaonyeshe njia ya kwetu. Akabadanganya ati mbuzi yake imepotea, anaenda kuitafuta. Njo akakuya kugonga ku jiko. Akasema, mutoke sasa, musingoje asubuhi. Kisha akarudia kwao."

"Juu ya nini akarudia?"

"Muke yake na batoto balikuwa mu mikono yabo."

Tuliporudi kijijini, akaendelea, kulikuwa na watu waliokuwa wamejificha porini, walioapa kuwa walimwona akitembea na waliotuchomea. Wanakijiji wakachoma nyumba yake. Akaenda Uvira na familia yake, akafia huko.

"Na papa yangu?"

"Papa yako alikuwa anajua. Na mimi nilikuwa najua. Mutu angefungua kinywa, bangesema na sisi tulikuwa pamoja na bale. Alors tukanyamaza. Kila siku niko nangojea Mungu aniulize, na sasa ni wewe unaniuliza."

Alilia kidogo. Nikamwambia alale. Kabla ya kukata alinipa namba ya binti wa yule mzee, anauza vitenge sokoni Uvira. Alikuwa nayo siku zote. Ni wa dhehebu moja, hukutana kwenye mikutano ya kanisa, na kila wakikutana shangazi humsalimu na kugeuka.

Ile namba nilitembea nayo. Nilienda nayo kazini, nilikwenda nayo Matonge, niliibonyeza nikaifuta nikiwa kwenye foleni ya mkate. Nilijiambia ni heri ningoje siku ya mapumziko, na siku ya mapumziko ilipofika nikafua hata mapazia. Ilikuwa adhuhuri nilipompigia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko na redio.

Nilijitambulisha kwa kijiji na kwa jina la baba yangu.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Nataka kukuambia jambo kuhusu baba yako."

"Juu ya baba yangu nimeambiwa mengi."

"Hili hukuambiwa."

Nikamweleza. Mlango wa jiko, sauti, mbuzi, neno moja la baba yangu. Nilisema vibaya, nikaruka, nikarudi nyuma, Kiswahili na Kifaransa vikagongana mdomoni. Nilipomaliza redio ilikuwa imezimwa.

"Alikuwa anatuambia alipoteza mbuzi siku ile," akasema. "Mama alikuwa anakasirika sana. Anasema, tulikuwa tunakufa na wewe unatafuta mbuzi. Mpaka baba anakufa, mama alikuwa anamkumbusha ile mbuzi."

"Hakuna mbuzi aliyepotea," nikasema.

"Ndiyo. Hakuna mbuzi aliyepotea. Mbona unapiga leo? Yeye amekufa. Watu walikuwa wanamtemea mate mbele yetu. Baba yako angeweza kusema neno moja."

"Angeweza."

Nikangoja anikatie simu. Nilimsikia akiweka kitu chini, akamwita mtu, kisha mwingine. Viti vikaburutwa.

"Ndugu zangu wako hapa," akasema. "Naweka sauti juu. Rudia, toka mwanzo. Na useme polepole."